Fundi Kijiti na Gololi za Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyewahi kuchekwa akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, mezani pake mwenyewe, akifanya kazi yake mwenyewe, basi ni Fundi Kijiti. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja kuukuu, mahali ambapo mtu mrefu akisimama ghafla anaacha nywele kwenye dari. Upande wa kulia palikuwa na mashine ya kutoa kopi inayokohoa kutwa nzima. Upande wa kushoto alikaa jamaa wa kubadilisha vioo vya simu, ambaye watu walimwita Kioo, na mbele ya meza yake foleni haikuisha. Mbele ya meza ya Kijiti palikuwa na nafasi ya kutosha kufagia.

Kijiti alitengeneza vikompyuta vya mkononi. Si simu. Ukisema simu ananuna mpaka jioni. Ni vile vidude vya zamani, vinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, vyenye skrini ya kijivu na kijiti cha plastiki cha kugusia, ambavyo enzi zile wakubwa wa ofisi walivichomoa mfukoni kwenye mikutano ili waonekane wana shughuli. Simu zikaja, zikavimeza, watu wakasahau. Kijiti akakataa kusahau.

"Hivi bado kuna watu wanatumia hayo makaburi?" Kioo alimuuliza karibu kila asubuhi, akifungua kibanda chake.

"Wapo."

"Wako hai?"

"Wengine."

Na kweli walikuwepo. Kulikuwa na daktari wa mifugo aliyeweka humo majina ya ng'ombe wote aliowazalisha, na wengine walishachinjwa zamani. Kulikuwa na mpima ardhi ambaye hakuamini kitu chochote chenye rangi. Kulikuwa na mwalimu wa muziki aliyekuja kila mara na tatizo lile lile, kwamba amekikalia. Watu wabishi, wote. Mtu mwenye akili ya kawaida alishanunua simu akaendelea na maisha yake, kwa hiyo waliobaki kwa Kijiti ni wale walioshindikana, na alielewana nao vizuri sana.

Mezani alitandika taulo, ili skurubu ikidondoka isiruke kwenda kuzimu. Skurubu zenyewe alizipanga kwenye trei ya mayai, kila tundu na skurubu za aina yake. Kutu ya kwenye vyuma aliisugua kwa kifutio cha shule, uchafu wa ndani kwa mswaki na spiriti, na mkewe aliwahi kumwonya kwamba siku akikosea mswaki ndoa imekwisha. Mwandiko wake ndio ulikuwa umeharibika kabisa. Vile vikompyuta vina namna yake ya kuandikiwa herufi, A haina mstari wa katikati, T ina mkono mmoja, na Kijiti alikuwa ameshazoea hivyo hata kwenye karatasi. Akiandika "sukari" dukani, muuzaji anamwangalia kwa huruma.

Jambo moja alijivunia mno, na alilisema hata asipoulizwa: "Mezani kwangu hakitoki kibovu." Akikipokea, kitapona. Kisipopona, hakitoki, kinabaki kwenye droo ya chini pamoja na wenzake, na mwenyewe anapewa pole. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kumkabidhi mtu kitu chenye kasoro, hata kitufe kimoja kilicholegea. Hilo ndilo alilokuwa nalo duniani, pamoja na mke.

Na mke huyo alikuwa na mama.

Mama mkwe wa Kijiti alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye miwani mikubwa na ulimi usiojua kupumzika. Siku Kijiti alipokwenda kujitambulisha, bibi alimsikiliza mpaka mwisho akieleza kazi yake, kisha akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo anafufua maiti," alisema. "Haya, na maiti wanalipa?" Baba mkwe, mzee mcheshi aliyekuwa bado hai wakati huo, alicheka mpaka akamwaga chai. Tangu siku ile bibi hakuwahi kumwita Kijiti mwanangu, wala mkwe. Alimwita Fundi, tena kwa sauti ile ile ambayo mtu anamwitia aliyekuja kuzibua choo.

Kwa hiyo asubuhi moja bibi alipoinama kuingia chini ya ngazi, akiwa na mkoba kifuani, Kijiti alisimama kwa heshima na kugonga kichwa.

"Kaa, kaa, usijiue," bibi alisema. "Nina kazi."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiki hapa."

Akatoa kwenye mkoba kitambaa, ndani ya kitambaa kitambaa kingine, na ndani yake kikompyuta. Kijiti alikitambua mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa baba mkwe kile kidude, zawadi ya kutaka kupendwa, na mzee alikuwa ameng'ang'ana nacho miaka yote ya kustaafu akicheza mchezo mmoja tu, mchezo wa gololi. Gololi zimejaa kwenye skrini, unagusa zinazofanana zilizokaa pamoja, zinapasuka, unapata alama. Basi. Mtoto wa chekechea anauelewa, na watu wazima wawili, mzee na bibi, waliugombania kama shamba la urithi.

"Kinazimika zimika," bibi alisema. "Nikikitikisa kinarudi. Leo nimekitikisa mpaka bega limeuma."

Kijiti akafungua kifuniko cha nyuma, akashusha pumzi. Betri ndogo mbili za ndani zilikuwa zimevuja maji, na yale maji yalikuwa yamekila chuma kinachopokea umeme mpaka kikabaki uzi. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akachungulia zaidi, akapima hapa na pale. Alichokiona hakikumfurahisha.

"Mama, nikueleze ukweli. Hivi vidude havina kumbukumbu ya kudumu. Kila kilichomo kinaishi kwa umeme. Ukitoa betri, kuna kadude humu ndani kanashikilia umeme kidogo, kama dakika moja, mpaka uweke nyingine. Hako kadude kako kamekufa. Kikizimika kwako ni skrini tu, humo ndani bado unapita umeme kidogo. Nikizichomoa hizi betri sasa hivi, kitaamka kama mtoto mchanga. Hakitajua hata tarehe."

"Tarehe naijua mimi," bibi alisema. "Alama je?"

"Alama zipi?"

"Za gololi! Unadhani nimekuja kufuata nini, hali ya hewa?"

"Zitafutika."

Bibi akanyamaza. Kijiti hakuwahi kumwona akinyamaza, akadhani amepatwa na kiharusi.

"Huwezi kuzihamisha kwanza? Ukaziweka mahali?"

"Tundu la waya limeliwa na kutu, Mama. Hakiongei na mashine yoyote."

Bibi akavuta stuli akakaa. "Basi utafanya bila kukizima," alisema. "Na mimi nitakuwa hapa hapa nikikuangalia. Betri na hicho chuma, basi. Usiguse kitu kingine chochote. Umenisikia, Fundi? Chochote."

"Nimesikia."

Njia ilikuwepo, ila ilikuwa ya roho mkononi. Kijiti alichukua betri mbili za nje, akaunga nyaya mbili nyembamba, na kwa chuma cha kulehemu akazishikiza kwenye ubao wa ndani, ili kidude kitumie umeme wa pembeni wakati betri zake zinatolewa. Hapo uzima wote wa kikompyuta unaning'inia kwenye nukta mbili za risasi ya kulehemu, kila moja ndogo kuliko kichwa cha sindano. Akachomoa betri zilizooza. Skrini ikabaki hai. Akakata chuma kibovu, akakitoa kile kikapasita kilichokufa, yaani kale kadude ka kushikilia umeme, akaokota kipya kwa kibano.

Umeme wa jengo zima ukakatika.

Mashine ya kopi ikakohoa mara ya mwisho na kunyamaza. Giza la chini ya ngazi likawa giza hasa. Kikompyuta chenyewe hakikujali, kilikuwa na betri zake, lakini chuma cha kulehemu kilianza kupoa, na Kijiti akaona waya mmoja unanyanyuka polepole kwenye risasi yake, kwa sababu aliushikiza harakaharaka, kwa woga wa kutazamwa na mama mkwe. Akaubana kwa kidole. Wa pili nao ukaanza kutingishika.

"Mama," alisema, na sauti ikamtoka ya kitoto, "naomba kidole chako."

"Eti?"

"Kidole! Bana hapa! Hapa, hapa, usiachie!"

Bibi akabana. Na hivyo ndivyo mtu na mama mkwe wake walivyojikuta wameinamiana paji kwa paji juu ya taulo, mmoja kashika chanya na mwingine hasi, wasiweze hata kujikuna. Kioo akaja na tochi ya simu kuangalia kelele ni za nini. Alipoona, alilazimika kwenda kushika ukuta.

"Cheka," bibi alimwambia bila kugeuka. "Cheka vizuri, kijana. Nikimaliza hapa nakuja kwako."

Kioo akatundika ile simu ukutani iwamulikie, akaondoka kwa adabu.

Wakakaa. Jasho la Kijiti likamshuka puani na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Unajua nani yuko humu," bibi alisema. Hakuwa anauliza. "Namba moja ni yule mzee. Wa pili mpaka wa tano ni mimi. Inaandika watano tu, wa sita anatupwa nje. Miaka yote namkimbiza na simpati. Alikuwa akimaliza mchezo ananionyesha skrini hivi, anasema, 'Mama watoto, mimi nitakufa nikiwa namba moja.' Na akafa kweli namba moja, mshenzi yule. Hata nafasi ya kumjibu hakunipa."

Kijiti alikaza kidole kwenye waya wake. Alimpenda yule mzee. Ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyewahi kumwuliza kazi inakwendaje na kungoja jibu.

"Nataka nimshinde," bibi aliendelea. "Nimshinde akiwa pale pale juu, aone. Ila mikono imezeeka, Fundi. Naona kabisa gololi ya kugusa, nagusa, inapasuka nyingine. Nikienda taratibu napata, nikiharakisha tu basi. Zamani sikuwa hivi. Kidole hakinisikii tena." Akakitazama kile kidole kilichobana waya. "Angalau hapa kinatumika."

Umeme ukarudi. Chuma kilipopata moto Kijiti akalehemu nyaya upya, akaweka kikapasita, akaweka chuma kipya, akatia betri mpya, akatoa zile nyaya za pembeni huku amefumba jicho moja. Kikompyuta hakikutikisika. Akafungua gololi. Wote wawili wakasoma bila kupumua. MZEE, na chini yake BIBI, BIBI, BIBI, BIBI.

"Yupo," bibi alisema, akakaa chini kwa uzito. Kisha akasimama tena, akasema amebana haja tangu umeme ulipokatika, wapi choo.

Sasa hapa ndipo Kijiti alipojitafutia makubwa. Bibi alipoondoka, alikijaribu kidogo, aone kinavyogusika. Akagusa gololi ya juu, ikapasuka ya chini yake. Akarudia, vilevile. Mara moja akaelewa. Hakikuwa kidole cha bibi hata kidogo. Ni skrini. Hizi za kugusa zikichakaa zinahama, unagusa hapa yenyewe inasikia pale, na dawa yake ni ya papo hapo: unaingia kwenye mipangilio, inakuonyesha misalaba kwenye pembe, unagusa kila msalaba katikati, kidude kinajipanga upya. Bibi wa watu alikuwa ameulaumu uzee bure, kumbe anachezea skrini iliyohama.

Aliambiwa asiguse kingine. Alisikia vizuri, hakuwa kiziwi. Lakini mezani kwake hakitoki kibovu. Akagusa misalaba yote, katikati kabisa, akakifunga, akakisugua kioo, na bibi aliporudi akamkabidhi huku uso umemkauka kama hakuna kitu.

Siku iliyofuata mkewe alirudi nyumbani akicheka peke yake. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na mama yake alimpigia simu katikati ya kupima dirisha la mteja.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimebadilisha betri."

"Anapiga kelele kwenye simu, 'Nimempiga! Nimempiga mzee! Mikono yangu mizima!' Mteja kanishika mkono ananipa pole, anadhani kuna msiba." Akavua viatu. "Kasema nikwambie wewe si mjinga kama ulivyokaa."

Kijiti alilala usingizi mtamu usiku huo. Ilikuwa sifa ya kwanza tangu aoe.

Habari zikaendelea kuja. Bibi kamshinda tena. Bibi anacheza asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na alama alizoziweka hata mzee mwenyewe angeziita uchawi. Kijiti akawa anamsimulia Kioo, akitia chumvi kidogo, na Kioo akaacha kuviita makaburi kwa siku mbili tatu. Kisha simu zikakoma. Mkewe akasema mama hajambo ila hana maneno. Mama yule kukosa maneno, hiyo ni hatari.

Asubuhi moja akainama tena kuingia chini ya ngazi, mkoba kifuani. Akakaa kwenye stuli. Hakufungua mkoba.

"Mwanangu," alisema.

Kijiti akaogopa kuliko siku ya umeme.

"Uligusa kitu kingine."

"Mama, ile skrini ilikuwa imehama, nikaona..."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema nisiguse." Kijiti akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Ni ufundi. Siwezi kukiona kibovu nikakiacha. Sasa kimezima tena?"

"Kimezima nini? Kinafanya kazi vizuri mno, ndiyo shida yake." Akakitoa kwenye vitambaa vyake, akakiwasha, akamsukumia. "Soma."

Kijiti akasoma. BIBI, BIBI, BIBI, BIBI. Na chini kabisa, mstari wa tano, MZEE.

"Nikishinda tena mara moja," bibi alisema, "anatoka nje."

Kwenye ngazi juu yao mtu alipita na viatu vizito. Bibi akangoja apite.

"Nilipomshinda mara ya kwanza nilicheza ngoma jikoni. Peke yangu, kama mwehu. Mara ya pili nikamwambia, 'Haya, umeona?' Ya tatu ilikuwa mazoea tu. Ya nne ndipo nikaona kafika wapi. Nikaweka chini. Nikasema sichezi tena. Nimeshindwa. Mkono unakwenda wenyewe, kila asubuhi nakaa naye hapo na chai, ndivyo tulivyozoea, nitakaa na nani? Nikasema basi nicheze vibaya makusudi. Hilo nalo siwezi! Nikiiona gololi nzuri namaliza. Juzi nilikizima nikiwa nimebakiza kidogo tu nimtupe. Chai ikapoa sijaigusa." Akavua miwani. "Nina hamu naye, mwanangu. Naye kabaki hapo tu. Nguo tuligawa."

Kijiti akajitia kutafuta kitu kwenye trei ya mayai.

"Naweza kuzifuta zile za kwako, Mama," alisema. "Arudi namba moja."

"Thubutu!" Bibi alirudisha miwani kwa nguvu. "Za kwangu nimezipata kwa haki! Kazi ya kumteremsha niifanye mimi, halafu wewe umpandishe bure? Akae hapo hapo."

"Basi nikupe kingine ucheze, ninavyo vizuri kwenye droo. Hiki ukihifadhi."

"Huko hayupo," bibi alisema.

Kijiti akafunga droo.

"Fanya hivi," bibi alisema polepole. "Kirudishe kilivyokuwa. Kiharibu."

Fundi Kijiti alikitazama kikompyuta mkononi mwake. Betri safi, chuma kipya, skrini inasikia unywele. Kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule. Kioo, ambaye masikio yake hayakuwa na kazi muda huo, alikuwa amesimama na kioo cha mtu mkononi, mdomo wazi.

Akaingia kwenye mipangilio. Misalaba ikatokea. Kidole kilimkatalia kwanza, kikataka katikati kwa mazoea. Akashusha pumzi, akagusa juu ya msalaba wa kwanza, pembeni, vibaya, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Akagusa wa pili vibaya. Akagusa yote vibaya. Akampa bibi.

Bibi akaanza kucheza, miwani imemshuka puani. Akagusa, ikapasuka nyingine. Akaguna. Akagusa tena, ikaharibika zaidi. "Aaa! Hapana! Si hiyo!" Mchezo ukaisha na alama za aibu, na majina yakajitokeza, na mstari wa tano ulikuwa MZEE.

Bibi akacheka. Alicheka mpaka miwani ikajaa ukungu, akampiga Kijiti begani, akacheza tena pale pale, akashindwa tena.

"Unaona anavyoniibia?" alisema. "Unaona? Hajabadilika hata kidogo."

Akakifunga kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye kitambaa, akainuka, akainama vizuri asigonge dari. Kijiti akamsindikiza mpaka nje ya jengo, kwenye jua, kisha akarudi mezani kwake na kuanza kupanga skurubu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Umekitengeneza?" Kioo aliuliza.

"Nimekiharibu," Kijiti alisema, akajifuta macho kwa taulo la skurubu.